Je, Kuzungumza na Diwani Kuhusu Zabuni Kunanifanya Mshawishi?

"Nimeishi Toronto kwa miaka kumi na moja. Nina kampuni ndogo ya usafi wa majengo. Sisi ni watu sita pamoja nami. Vilevile ni katibu wa chama chetu cha Waswahili, ambacho hakina mfanyakazi anayelipwa. Diwani wa kata yetu ananifahamu vizuri kwa sababu huja kwenye shughuli zetu. Chama kinataka jiji litupatie ukumbi wa kituo cha jamii kila Jumamosi kwa madarasa ya watoto, na mimi binafsi ningependa kampuni yangu ifikiriwe katika usafi wa majengo ya jiji. Shemeji yangu, ambaye aliwahi kufanya kazi jijini, amejitolea kutusemea kwa wakubwa, na anataka asilimia kumi ya mkataba tukiupata. Sasa rafiki mmoja ameniambia kwamba nikizungumza na diwani bila kujiandikisha kama mshawishi nitatozwa faini ya dola 25,000. Mwingine anasema hiyo ni sheria ya makampuni makubwa. Je, kujiandikisha si sawa na kukiri kwamba natoa rushwa? Na je, Idi ijayo tunaweza kumwalika diwani na kumpa zawadi ya kanzu?"

Ndugu yangu, barua yako imefunga mazungumzo matatu katika furushi moja: ya ukumbi, ya zabuni, na yale ambayo shemeji yako anataka kuyafanya kwa niaba yako. Hofu uliyonayo inatokana na kuyatazama yote kama jambo moja, na hao wawili waliokushauri nao wameyatazama hivyo hivyo. Rafiki wa kwanza hajakosea kuhusu kiasi. Anayetiwa hatiani kwa mara ya kwanza chini ya Sura ya 140 ya Kanuni za Manispaa ya Toronto, ambayo ndiyo sheria ya jiji kuhusu washawishi, anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 25,000, na kwa makosa yanayofuata faini inaweza kufika dola 100,000. Alikosea alipodhani kwamba kila neno analoambiwa diwani linahesabika. Rafiki wa pili amekosea zaidi, na kosa lake ndilo linaloweza kukugharimu, kwa kuwa sheria ya Toronto haina kipimo cha ukubwa wa kampuni.

Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina la kazi hii ya kuwasemea wenye maslahi mbele ya viongozi, ambayo mwenye kuifanya Kiingereza humwita lobbyist. Wengi husema mshawishi, na nitalitumia neno hilo, lakini mimi hupenda kumfikiria mpigadebe wa kituo cha daladala. Mpigadebe anaita abiria kwa sauti ya mtu anayewatakia safari njema, na huenda kweli anawatakia, ila ujira wake unatoka kwa kondakta. Abiria hadanganyiki, kwa sababu debe linapigwa hadharani na kila mtu kituoni anajua nani analipa. Katika ofisi za jiji debe hupigwa mlango ukiwa umefungwa. Anayesikia ni diwani au mkurugenzi wa idara peke yake, na mkazi ambaye kodi yake ndiyo inayozungumzwa hajui hata kama kuna mtu aliyeingia. Daftari la washawishi limewekwa ili mkazi huyo naye aweze kujua nani aliingia, kwa nani, lini, na kwa maslahi ya nani.

Toronto haikulianzisha daftari hilo kwa kupenda makaratasi. Mwaka 1998 manispaa sita ziliunganishwa kuwa jiji moja, na mwaka uliofuata jiji hilo jipya, likiwa na haraka ya kubadilisha kompyuta kabla ya mwaka 2000, likaingia katika mpango wa kukodi vifaa kutoka kampuni ya MFP Financial Services. Madiwani waliamini wameidhinisha takriban dola milioni 43 kwa miaka mitatu. Baadaye ikabainika kwamba gharama ilikuwa imekaribia mara mbili ya hizo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Denise Bellamy ilitoa ripoti yake mwaka 2005 ikiwa na mapendekezo 241. Picha iliyojitokeza ni ya wauzaji waliojenga ukaribu na wakubwa wa jiji kupitia chakula, gofu na michezo ya hoki, huku baraza lililopaswa kuamua likiwa halina habari ya ukaribu huo. Mwaka 2006 mkoa wa Ontario ukatunga sheria ya jiji la Toronto iliyolazimisha kuwepo kwa daftari, jiji likaweka msajili wa kulisimamia, na daftari lenyewe likafunguliwa Februari 2008. Miji mingine ya Ontario inaruhusiwa kuanzisha daftari lake lakini hailazimishwi. Ottawa, kwa mfano, ilianzisha la kwake mwaka 2012.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu inajibu hofu yako ya kukiri rushwa. Sheria hii imejengwa juu ya dhana kwamba kumshawishi kiongozi ni jambo halali, hata la lazima; diwani asiyesikia hoja za wenye biashara hawezi kujua kanuni anayoipitisha itaumiza nani. Rushwa ni kosa la jinai la nchi nzima, nalo halifutwi kwa kujiandikisha: aliyejiandikisha akatoa hongo ametoa hongo, na aliyejiandikisha asitoe kitu ni mtu aliyeweka jina lake mahali panapoonekana. Ukilifungua daftari leo utayakuta majina ya mabenki, wajenzi wa maghorofa, kampuni za simu na wanasheria wanaoheshimika, na hakuna anayewanyooshea kidole kwa kuwemo. Anayenyooshewa kidole ni yule ambaye barua zake zinapatikana lakini jina lake halimo. Elewa pia kwamba kujiandikisha si leseni ya kukaribishwa. Diwani bado ana hiari ya kukuambia hana nafasi.

Sasa tuje kwako. Sheria inawagawa washawishi katika makundi matatu. Yupo wa kukodiwa, anayelipwa na mteja ili amsemee. Yupo wa ndani, yaani mwajiriwa, mbia au mwenye biashara anayeisemea biashara yake mwenyewe. Na yupo wa kujitolea, ambaye halipwi lakini anasema kwa manufaa ya biashara. Wewe unaangukia kundi la pili siku utakapofungua kinywa mbele ya afisa wa jiji kutafuta kazi ya usafi kwa ajili ya kampuni yako, na haijalishi kwamba hukuajiri mtu wa mahusiano wala kwamba nyote sita mnaenea katika gari moja la kazi. Afisa wa jiji hapa ni meya, madiwani 25, wasaidizi wao ofisini, watumishi wa idara, pamoja na wajumbe wa baadhi ya bodi za jiji. Wengi husahau wasaidizi. Kumwandikia msaidizi wa diwani ukidhani umekwepa ni kujidanganya.

Neno "mawasiliano" nalo limechukuliwa kwa upana. Barua, baruapepe, simu na kikao rasmi vyote vimo, na yamo pia mazungumzo yasiyo rasmi, mradi yawe ya maana kiasi cha kulisogeza mbele jambo lenyewe. Hapo ndipo watu wetu wengi huteleza bila nia mbaya. Sisi tumelelewa kwamba diwani ni mtu wa mtaani. Huko nyumbani unaweza kumgongea asubuhi kabla hajanywa chai, mkamaliza habari za mtaro, msiba na kazi ya kijana wako kwa pumzi moja. Ukimkuta diwani wa Toronto kwenye harusi, ukamsalimu, ukamuuliza hali ya watoto, hujashawishi mtu. Ukimvuta pembeni, ukamweleza kwamba mkataba wa usafi wa maktaba unakaribia kuisha na kwamba kampuni yako ingeifanya kazi hiyo kwa bei nafuu, umeshawishi, hata kama mkononi una sahani ya biriani. Na kuwahimiza watu wengine wamwandikie au wampigie diwani simu ili ashinikizwe kunahesabiwa pia. Kwa hiyo usiwaombe wanachama msikitini wakusaidie "kumkumbusha" diwani habari za kampuni yako.

Upande wa pili kuna mambo ambayo sheria imeyaacha huru kwa makusudi, na huu ndio upande ambao rafiki yako wa kwanza hakuujua. Mkazi anayezungumza na diwani wake kuhusu jambo la mtaa wake au la sera ya jumla hahitaji kujiandikisha. Kulalamika kwamba takataka hazikuzolewa, kusifu huduma, kuuliza utaratibu ulivyo, kutoa maoni kwenye kikao cha kamati kilicho wazi kwa umma, kujaza fomu na kuijadili na mtumishi ambaye kazi yake ni kuishughulikia fomu hiyo, yote hayo yako nje ya daftari. Vyama vya jamii visivyotafuta faida navyo kwa kawaida haviguswi vinapozungumzia mahitaji ya wanachama wake kama wakazi. Vinavyoguswa ni vile vinavyowakilisha maslahi ya biashara, viwanda au taaluma fulani. Kwa hiyo suala la ukumbi wa Jumamosi lisikunyime usingizi. Katibu wa chama kisicho na mfanyakazi anayelipwa, anayeomba watoto wa kata wapate mahali pa kusomea, anafanya jambo ambalo mkazi yeyote ana haki ya kulifanya. Mpigieni diwani simu, mwandikieni, nendeni ofisini kwake mkiwa watu watatu au wanne.

Lakini uhuru huo umefungamana na mazungumzo, haukufungamana nawe. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo hatari halisi iliyomo katika barua yako. Chukua mfano wa kikao cha dakika thelathini. Umeingia kama katibu wa chama. Dakika ishirini na tano mmezungumza habari za ukumbi, ratiba na bima. Mnapoagana, diwani anakuuliza kwa wema biashara inaendeleaje, nawe unajibu kwamba inaendelea vizuri ila ungeshukuru kama jiji lingekupa nafasi katika usafi wa vituo vyake. Dakika ishirini na tano za kwanza zilikuwa huru. Sentensi ya mwisho ilikuwa ya mwenye kampuni, na kama hujajiandikisha, ni sentensi iliyovunja sheria. Hata ukiiweka sheria kando, umekiumiza chama. Siku mwandishi wa habari au mshindani wako atakapouliza ukumbi ulipatikanaje, diwani atalazimika kueleza kwamba aliyeomba ukumbi ndiye aliyeomba pia mkataba, na ombi la watoto litaonekana kama kifuniko.

Ndiyo maana ningekushauri, ikiwa una nia ya dhati na biashara ya jiji, mwachie mwanachama mwingine aongoze ombi la ukumbi. Sheria haikukatazi kuwa na kofia mbili, wala sisemi una hila. Ila nimekwisha kuona viongozi wa jamii, watu waaminifu kabisa, wakishindwa kueleza ni kofia ipi waliyoivaa siku fulani saa fulani, na wasikilizaji wao wasiwaamini. Ikiwa hakuna mwingine anayeweza kuongoza, basi kila ombi liwe na barua yake, kila barua ianze kwa kusema unaandika kwa niaba ya nani, na diwani akikuuliza habari za biashara katika kikao cha chama, mwambie kwa upole kwamba hayo mtayazungumza siku nyingine kwa utaratibu wake. Atakuelewa, na huenda akashukuru, kwa kuwa naye ana kanuni zake za maadili zinazomtaka asishiriki katika ushawishi usiosajiliwa.

Kuhusu zabuni yenyewe, kuwasilisha zabuni kwa njia iliyotangazwa si ushawishi, na kampuni yako inaweza kuomba kazi za jiji miaka kumi mfululizo bila kuingia kwenye daftari hata mara moja. Kinachoandikishwa ni jitihada za kuwashawishi maafisa nje ya njia hiyo, kwa mfano kuomba kikao ili ueleze kwa nini jiji lianze kununua huduma ya aina yako. Zabuni inapokuwa imetangazwa, mlango unafungwa kabisa: hadi mkataba utolewe, unaruhusiwa kuzungumza na yule tu aliyetajwa katika nyaraka za zabuni. Katika kipindi hicho hata aliyesajiliwa haruhusiwi kumwendea diwani kuhusu zabuni hiyo, na anayefanya hivyo anahatarisha zabuni yake yote. Kwa maoni yangu, kampuni ya watu sita inafaidika zaidi kwa kusoma nyaraka za zabuni kwa makini na kuhudhuria mikutano ya wazi ya wazabuni kuliko kwa kuutumia ujirani na diwani. Madiwani wenyewe mara nyingi hawana kura katika mikataba midogo ya usafi. Hiyo huamuliwa na watumishi kwa vigezo vilivyoandikwa.

Nimeliacha suala la shemeji hadi sasa kwa sababu ndilo zito. Alichokipendekeza kina jina: ni malipo yanayotegemea ushindi, na Toronto imeyapiga marufuku. Mshawishi wa kukodiwa anaweza kulipwa kwa saa, kwa mwezi au kwa kazi, lakini hawezi kulipwa kwa sharti kwamba matokeo yawe mazuri. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu anayejua kwamba atapata asilimia kumi ya mkataba akishinda na sifuri akishindwa ana kishawishi cha kufanya lolote ili ushinde, na sehemu ya fedha za usafi inageuka kuwa ujira wa kufungua mlango. New York nayo imekataza malipo ya namna hiyo. Isitoshe, shemeji akikusemea kwa malipo yoyote yeye mwenyewe anapaswa kujiandikisha akikutaja wewe kama mteja, na ikiwa alikuwa afisa wa ngazi za juu, kuna miezi 12 baada ya kuacha kazi ambamo haruhusiwi kulishawishi jiji hata kidogo. Cheo chake na tarehe aliyoondoka ndivyo vitakavyoamua, kwa hiyo mwulize vyote viwili bila haya. Akisema atakusemea bure kwa undugu, bado sheria inalo kundi la wasiolipwa, na undugu hautoshi kumtoa humo.

Udhuru wa urafiki ulijaribiwa mjini Chicago. Mwezi Novemba 2015 David Plouffe, aliyekuwa kigogo wa Uber na kabla ya hapo meneja wa kampeni ya urais ya Barack Obama mwaka 2008, alimwandikia meya Rahm Emanuel kwenye anwani yake binafsi ya baruapepe akilalamikia masharti ya magari ya Uber kuchukua abiria katika viwanja vya ndege vya jiji. Wawili hao walikuwa wamefahamiana kwa miaka. Barua hiyo ilijulikana baada ya zaidi ya mwaka mmoja, baruapepe za meya zilipotolewa hadharani kufuatia kesi, na mwaka 2017 Bodi ya Maadili ya Chicago ikamtoza Plouffe faini ya dola 90,000 kwa kutojiandikisha. Kampuni yenyewe ilitozwa dola 2,000. Hakuna aliyedai kwamba fedha zilipita mikononi. Baruapepe moja, kwa rafiki, ilitosha.

Ukiamua kwamba unataka kuzungumza na maafisa kwa niaba ya kampuni, kujiandikisha hakuna uzito mkubwa. Hufanyika mtandaoni, hakuna ada, na kunapaswa kukamilika kabla ya mazungumzo yenyewe. Utaeleza jina la kampuni, jambo unalotaka kulizungumzia na maafisa unaokusudia kuwaona. Halafu kila baada ya mawasiliano unaingiza taarifa yake ndani ya siku tatu za kazi. Hapa kwenye siku tatu ndipo wadogo wanapoumia. Kampuni kubwa ina mtu wa kukumbuka. Wewe unarudi nyumbani saa tano usiku na mikono inanuka dawa ya sakafu. Weka kengele kwenye simu, na andika taarifa siku ile ile. Jambo likiisha, funga usajili wake, usiuache ukielea.

Huenda unajiuliza kama yote haya yana faida. Nitakujibu bila kupamba. Daftari lina udhaifu wake. Linategemea mtu ajitaje mwenyewe. Maelezo mengi humo ni makavu kiasi kwamba unajua fulani alimwona fulani kuhusu "maendeleo ya ardhi" bila kujua alisema nini. Na Msajili ana mamlaka juu ya mshawishi, wakati mwenendo wa diwani uko chini ya Kamishna wa Maadili, kwa hiyo tukio moja linaweza kuchunguzwa na ofisi mbili. New York imekwenda mbali zaidi kwa kuwataka washawishi waeleze pia wamelipwa kiasi gani, na mimi ningependa Toronto ifuate, kwa sababu kiasi cha malipo ndicho kinachomwonyesha mkazi uzito wa debe linalopigwa. Hata hivyo, daftari hilo hilo unaloliogopa liko wazi kwako pia. Kabla hujaomba mkataba, tafuta humo uone ni kampuni zipi zimezungumza na idara gani. Mwenye biashara ndogo hana njia nyingine nafuu ya kujua washindani wake wanabisha hodi wapi.

Nadhani pia naijua njia ambayo rafiki yako wa pili alipotea. Sheria za miji hazifanani, na mtu aliyesikia habari za mahali pengine anaweza kuzileta hapa kwa nia njema. New York haimhesabu mtu kuwa mshawishi wa kusajiliwa hadi malipo na gharama zizidi dola 5,000 kwa mwaka. Ireland, ambayo sheria yake ya mwaka 2015 inawagusa madiwani pamoja na wabunge, kwa kawaida inawataka waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 10, kwa hiyo kampuni yako ingekuwa nje. Ila Waayalandi wameweka ubaguzi mmoja wenye maana: katika habari za kubadilisha matumizi ya ardhi na kuiendeleza, mtu yeyote anahusika, hata mmoja peke yake, isipokuwa anapozungumzia nyumba anayoishi. Sababu iko Dublin, ambako tume ya uchunguzi iliyomaliza kazi mwaka 2012, baada ya karibu miaka 15, ilifichua malipo kwa wanasiasa yaliyohusiana na upangaji wa ardhi. Kila mji huweka kizingiti pale ulipojikwaa. Toronto ilijikwaa kwenye ununuzi, na wewe unataka kuingia kupitia mlango wa ununuzi.

Jambo jingine dogo ambalo hukuliuliza: usajili wa jiji haukuvushi hadi serikali ya mkoa wala ya shirikisho. Ontario ina sheria yake ya washawishi, na serikali ya Kanada ina yake, kila moja na daftari lake na masharti yake. Ukimwandikia mbunge wa mkoa kuhusu kampuni yako, anza kuuliza upya.

Kuhusu nani wa kumwona ana kwa ana, mtu wa kwanza si wakili. Ofisi ya Msajili wa Washawishi hutoa ushauri bila malipo, na kuuliza kabla ya kutenda hakukuweki kwenye orodha ya washukiwa. Waandikie ukieleza kofia zako mbili na hoja zako mbili, kila moja kwa aya yake, uombe jibu la maandishi, na ulihifadhi. Kama Kiingereza cha kisheria kinakupa taabu, piga 311, namba ya simu ya huduma za jiji, na uombe mkalimani. Wakili wa masuala ya manispaa unamhitaji katika hali mbili: ikiwa tayari umezungumza na diwani kuhusu zabuni kabla ya kujiandikisha, au ikiwa umekwisha kutia saini karatasi yoyote na shemeji. Katika hali hizo usifute meseji hata moja, usimpigie diwani "kuweka mambo sawa", na usikae kimya ukitumaini yatapita. Mwone wakili wiki hii.

Limebaki suala la Idi. Chama kumwalika diwani kwenye baraza la Idi ni jambo la kawaida kabisa, na madiwani huzunguka sherehe za jamii zote za jiji hili. Hakikisheni tu kwamba gharama zinatoka kwenye mfuko wa chama, na kwamba kampuni yako haitajwi kama mfadhili kwenye bango wala kwenye shukrani, kwa sababu aliyesajiliwa kama mshawishi haruhusiwi kumpa afisa zawadi wala kumkirimu. Wenye umri wetu kutoka Tanzania tunaikumbuka takrima, ile sheria iliyowaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura kama desturi ya ukarimu, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Nilikuwa miongoni mwa walioona mahakama imetukosea adabu. Siku hizi sioni hivyo. Mwalikeni diwani, akae mkekani, apakuliwe pilau kutoka sufuria moja na wengine. Kanzu iacheni dukani.